Vijana wana vyeti vya ufundi, kazi hakuna: je, tujenge chuo kingine?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni diwani wa kata mojawapo wilayani Nachingwea, mkoa wa Lindi. Katani kwangu vijana waliopita VETA na vyuo vya maendeleo ya wananchi si haba: umeme wa majumbani, ushonaji, uchomeleaji, magari. Wengi wamerudi na vyeti, wamekaa. Wengine wanaendesha bodaboda za watu kwa hesabu ya siku, wengine wanasubiri msimu wa korosho wakabebe magunia ghalani. Kwenye vikao wenzangu wanataka tupiganie chuo kingine, au karakana kwenye sekondari ya kata. Mimi nina wasiwasi. Ni chuo kweli tunachokikosa? Na kama sicho, diwani kama mimi nishike wapi?

JIBU: Marahaba, Mheshimiwa, na pole kwa majukumu.

Wasiwasi wako una msingi. Kwa hali hiyo unayoieleza, chuo kingine nisingekipa nafasi ya kwanza. Ningepigania mwaka mmoja tu, ule unaoanza siku kijana anapotoka chuoni na cheti chake mkononi. Mwaka huo hauna mwenyewe. Chuo kinasema kazi yake imekwisha, halmashauri inasema ajira ni suala la taifa, mzazi anasema ada ameshalipa. Kijana anabaki na cheti, bila vifaa, bila leseni, bila fundi wa kumshika mkono, bila mteja hata mmoja aliyewahi kuona kazi yake. Miezi sita ikipita hivyo, mkono unaanza kusahau. Mwaka ukipita, bodaboda inamchukua, na wala simlaumu: bodaboda inalipa jioni.

Mlango wa kuingilia ufundi umepanuliwa sana. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Serikali ilijenga vyuo vya wilaya 25, kisha ikaanza ujenzi wa vingine 64. Vyuo vya maendeleo ya wananchi, vilivyoanza mwaka 1975 enzi za Mwalimu Nyerere, viko 54 nchini, na huku Kusini tunavyo Chilala, Kilwa Masoko, Masasi, Newala na Mtawanya. Ada ya VETA kwa kozi ndefu imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Michango na vifaa huongeza mzigo, lakini katika mwaka wenye bei nzuri gunia moja la korosho linailipa ada hiyo na chenji inabaki. Kuingia, basi, kunawezekana. Shida iko kwenye kutoka.

Niseme na jambo ambalo sisi walimu wa ufundi hatupendi kulitamka. Mafunzo peke yake hayaleti ajira nyingi. Mwaka 2017 mchumi David McKenzie wa Benki ya Dunia alipitia tathmini za programu za mafunzo kutoka nchi mbalimbali zinazoendelea, zile zilizowalinganisha waliofundishwa na wenzao wasiofundishwa. Alichokikuta ni kwamba katika kila vijana 100 waliofundishwa, ni kama wawili au watatu tu waliopata kazi kwa sababu ya mafunzo. Waliobaki ama wangeipata vyovyote vile, ama hawakuipata kabisa. Kufundisha si bure kwa sababu hiyo. Ila fundi hupata kazi pale tu penye mtu mwenye fedha na shida inayotaka ufundi wake. Kwa hiyo kamati yenu ya maendeleo ya kata ikikaa, isianze kuulizana tufundishe nini. Ianze kuulizana fedha ya kata hii inapita wapi, mwezi gani, na inapopita ni kitu gani huharibika.

Ukiuliza hivyo Nachingwea, jibu la kwanza ni mikorosho. Chukua pampu ya kupulizia salfa. Kuanzia Mei au Juni hadi Septemba hakuna mashine inayotafutwa kama hiyo. Mkorosho ukichanua bila salfa, ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, unayakausha maua, na maua yakikauka hakuna cha kuokota Oktoba. Mkulima hupuliza zaidi ya mara moja, kwa kuachanisha wiki mbili tatu, kwa hiyo pampu ikimfia shambani mwezi wa saba hana nafasi ya kungoja. Na pampu zinakufa. Injini yake ni ndogo, ya mipigo miwili, inakunywa petroli iliyochanganywa na oili. Kibarua akijaza petroli tupu kwa haraka za asubuhi, pistoni inakwaruza silinda na injini inanoki. Vumbi la salfa likishajaa kwenye chujio la hewa, mashine inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Mchanganyiko ulioachwa kwenye tangi tangu msimu uliopita unaganda ndani ya kabureta. Mpelekee pampu hiyo kijana wako aliyesoma magari miaka miwili, naye akiwa mkweli atakuambia kwamba chuoni alizoea injini ya gari, ya mipigo minne, na hii hajawahi kuifungua. Basi mkulima anaipakia kwenye bodaboda hadi mjini, anaiacha kwenye foleni ya fundi mmoja mzee, na siku anayoipata ua la kwanza limeshaondoka.

Hapo pana kazi inayolipwa papo hapo, na haihitaji miaka miwili. Kijana mwenye msingi wa magari au pikipiki anaweza kuishika injini ile kwa kozi fupi ya wiki tatu au nne, mradi awe na pampu mbovu kumi mezani badala ya mchoro ubaoni. VETA hutoa kozi fupi za namna hiyo zikiombwa na kulipiwa; kinachokosekana ni mwombaji. Vifaa vyake vinaenea kwenye begi: spana, bisibisi, chombo cha kuvutia sumaku ya injini, akiba ya plagi, ringi, viwambo vya kabureta na kamba za kuwashia. Msimu ukiisha, injini ya aina hiyo hiyo iko kwenye misumeno ya mnyororo ya wapasua mbao. Fundi hakai bure.

Kozi hiyo ifanyike Machi au Aprili, kabla salfa haijaanza kugawiwa. Ikifanyika Agosti ni sherehe tu. Na ningewaweka hao vijana kwenye chama cha msingi cha ushirika (AMCOS), siku mbili kwa wiki wakati wa kupuliza, kwa sababu wanachama wote hupita pale. Mtu akisema gharama za matengenezo zikatwe kwenye malipo ya korosho kupitia AMCOS, mwambie apunguze kasi. Wakulima wa chama kikuu chenu cha RUNALI, kama wa vyama vikuu vya MAMCU na TANECU, wakisikia makato mapya hawatauliza ni ya nini, watauliza ni ya nani. Fundi alipwe taslimu, au kwa mapatano ya yeye na mkulima.

Pampu nimeirefusha kwa makusudi, maana ndiyo njia ninayotaka muitumie kwa mambo mengine. Katibu wa kamati azunguke vijiji na swali moja: mashine gani ikiharibika mnaipeleka mbali? Atarudi na mashine za kusaga, mizani ya ghalani, pampu za maji za sola, bajaji, majokofu ya zahanati ya kuhifadhia chanjo, mitambo midogo ya kubangulia korosho ambayo vikundi vya akina mama walipata mafunzo yake kupitia SIDO, shirika la viwanda vidogo. Kwa wenzako wa pwani orodha itakuwa nyingine. Kilwa Masoko, ambako Rais Samia aliweka jiwe la msingi la bandari ya uvuvi Septemba 2023, watahitaji mafundi wa barafu na majokofu, wa injini za boti, wa boti za faiba. Nachingwea haina bahari, msiwafundishe vijana barafu kwa sababu Kilwa wanafundisha.

Kinyume cha hayo ni kilichotokea kwenye umeme. Miradi ya REA ya kusambaza umeme ilipoingia vijijini, kila mzazi aliona mafundi wanavyohangaika nyumba kwa nyumba, akampeleka mwanawe akasome umeme wa majumbani. Wimbi lile lilikuwa la kweli, lakini nyumba hufungwa wayaringi mara moja. Nyumba ndogo ya chumba kimoja au viwili nayo inaweza kuunganishwa kwa kifaa cha UMETA, Umeme Tayari, bila wayaringi wowote. Na yule fundi aliyebaki sokoni anakutana na kizingiti ambacho vyuoni hakisemwi vya kutosha: cheti si leseni. Anayewafungia watu umeme anatakiwa awe na leseni ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, nayo hutolewa kwa madaraja kulingana na elimu na uzoefu. Asiye nayo anafanya kazi kwa jina la aliye nayo. Yeye anapanda darini kwenye joto, mwenye muhuri anachukua sehemu nono. Katika vijana wako wa umeme, waulize ni wangapi wamewahi hata kuomba. Kuwakusanya mchana mmoja penye intaneti, pamoja na vyeti vyao na afisa anayejua fomu hizo, ni shughuli ndogo kuliko ufunguzi wa kikao chochote cha wadau.

Sasa nije kwenye fildi, yaani mafunzo ya kazini, maana hapo ndipo mafunzo ya ufundi yanapopona au kufa.

Mtaala wa umahiri unataka mwanachuo aende akafanye kazi kwenye karakana halisi kabla ya kuhitimu. Kwenye karatasi ni safi. Kinachotokea ni kwamba kijana anafika gereji na barua, fundi anaipokea kwa heshima ya muhuri, kisha anampa ufagio. Wiki ya kwanza anafagia. Ya pili anaosha vipuri kwa dizeli. Ya tatu anatumwa chai, na akirudi anashikilia tochi. Injini ikifunguliwa, mwenye gari yuko pale pale anahesabu muda, na hakuna fundi atakayemwachia mgeni akaze boliti za silinda hedi ya mtu. Siku ya mwisho daftari la fildi linajazwa lote kwa mkao mmoja, sahihi ishirini zinazofanana, wino mmoja. Mwalimu aliyepaswa kupita kukagua ana wanafunzi waliotawanyika kutoka Ruangwa hadi Liwale na hana mafuta ya pikipiki. Anapiga simu, anaambiwa mtoto anaendelea vizuri.

Fundi naye ana haki yake. Mwanachuo anakula muda wake, anaweza kuharibu kazi ya mteja, na akiiva atafungua gereji ng'ambo ya barabara. Amfundishe kwa faida gani? Wajerumani walilitatua hili zamani: kijana anaingia mkataba na mwajiri kwa miaka mitatu hivi, analipwa posho, siku kadhaa yuko kazini na siku kadhaa darasani. VETA imejaribu mtindo huo kwa jina la uanagenzi pacha, kwenye miji yenye waajiri wa kutosha. Nachingwea waajiri hao hawapo. Mwajiri wenu ni fundi aliye chini ya mwembe na kontena la vipuri, kwa hiyo mkataba uandikwe kwa kipimo chake.

Ningeufanya hivi. Fundi alipwe kwa ujuzi, asilipwe kwa siku. Halmashauri au mfadhili atenge posho; mwalimu wa chuo aje mwishoni mwa kila mwezi, ampe kijana kazi mbele yake: fungua breki hizi, zirudishe, nieleze kwa nini umebadilisha kile. Akiweza, fundi analipwa kwa ujuzi huo. Asipoweza, hakuna malipo, na hakuna cha kulumbana. Fedha ya mafuta ya mwalimu iwe ndani ya bajeti hiyo hiyo, kwa sababu bila mwalimu kufika yote haya ni hadithi. Na muda uwe wa miezi. Wiki chache zinamtosha kijana kujua choo kiko wapi.

Fundi mwenyewe apewe kitu cha kudumu pia. Wengi wa mafundi bora wa Kusini hawana cheti chochote. Walijifunza kwa baba, kwa mjomba, au kwenye karakana za misheni kama Ndanda wakaendelea wenyewe. Upo utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya vyuo: mtu anapimwa kwa kazi, anaongezewa pale palipopungua, anapewa cheti cha VETA. Ofisi ya Waziri Mkuu imeugharamia kwa awamu mbalimbali. Fundi aliyerasimishwa anaweza kuingia kwenye kazi zinazodai cheti, na hiyo ndiyo ingekuwa shukrani yangu kwake kwa kuwapokea vijana wako. Akishakuwa na jina la kulinda, hata ufagio atautoa kwa kipimo.

Kuna mteja mmoja ambaye wewe una sauti kwake kuliko mimi, naye ni halmashauri yenyewe. Madarasa, zahanati, vyoo vya shule, nyumba za walimu, madawati. Sehemu kubwa ya hayo imejengwa kwa fosi akaunti, yaani kwa mafundi wa kawaida badala ya mkandarasi. Katika kila jengo linaloingia katani kwako, dai sharti moja kwenye makubaliano na fundi mkuu: achukue vijana wawili kutoka kwenye daftari la wahitimu wa kata, ambalo nitalieleza mwishoni, na mhandisi asaini kwamba walifanya kazi ya ufundi, siyo ya kubeba zege. Sharti hilo haliongezi gharama ya maana. Linachotaka ni diwani wa kulikumbusha siku malipo yanapoidhinishwa.

Madawati ni mfano mzuri wa pili, na pia ni mtego. Ni kazi iliyo ndani ya uwezo wa kikundi cha wachomeleaji wachanga: mabomba ya mraba, mbao, rangi. Lakini nimeona madawati ambayo miguu yake imegusishwa moto nukta mbili tu badala ya kuzungushiwa kiungo chote. Yanapokelewa yakiwa yanang'aa, muhula haujaisha yamelala nyuma ya darasa. Kikundi kikishafanya hivyo mara moja, mwalimu mkuu hatataka tena kusikia habari za vijana, na hatakuwa amekosea. Waagizwe matano kwanza. Mhandisi wa halmashauri akae juu ya hayo matano, ayatikise, ndipo wapewe mia.

Sheria ya ununuzi wa umma inataka asilimia 30 ya manunuzi itengwe kwa makundi maalumu, wakiwamo vijana. Fungu hilo linapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa zabuni kwa mtandao, na kikundi kisichosajiliwa humo hakionekani hata kama karakana yake iko mkabala na ofisi ya mkurugenzi. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kuwasukuma kwenye usajili.

Nikija kwenye vifaa, unalijua fungu la mikopo la asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Lilisimamishwa mwaka 2023, likarejeshwa mwaka uliofuata. Kwa wilaya yenu fungu hilo linapanda na kushuka na ushuru wa korosho, kwa hiyo mwaka wa mavuno mazuri ndio wa kulipigania. Ushauri wangu ni kwamba mkopo wa vijana mafundi utoke kama vifaa, kila mmoja na begi lake, kikundi kibaki kuwa mdhamini. Grinda moja ya watu watano ni ugomvi ulionunuliwa kwa fedha za umma. Na marejesho yafuate msimu. Wateja wa fundi wa Nachingwea wanalipa baada ya kuuza ufuta katikati ya mwaka na korosho kuanzia Oktoba. Ukimdai kiasi kile kile kila mwezi, Februari na Machi atauza vifaa akulipe.

Kwamba fedha ya vifaa inaweza kufanya kazi, mfano uko Uganda. Kaskazini mwa nchi hiyo, serikali ilivipa ruzuku vikundi vya vijana vilivyoandika mpango wa ufundi wanaoutaka, wastani wa dola 382 kwa kila mwanakikundi, na wengi wakaitumia kwa mafunzo na vifaa. Miaka minne baadaye vipato vyao vilikuwa juu ya wenzao wasiopata kwa asilimia 38. Watafiti waliporudi baada ya miaka tisa, wenzao walikuwa wamewafikia. Wapo wanaosoma matokeo hayo kama kushindwa. Mimi nayasoma kama kijana aliyeanza maisha mapema kwa miaka kadhaa, na kwa mtu wa miaka 22 hiyo si zawadi ndogo.

Wasichana hukuwataja, nami nitasema machache. Wakiachiwa ushonaji na mapishi peke yake, soko la kata linajaa cherehani kabla hujageuka. Yule mwenye mtoto mchanga kikwazo chake cha kwanza ni nani atamshikia mtoto. Vyuo vya maendeleo ya wananchi vimelielewa hilo kupitia programu ya Elimu Haina Mwisho, inayowapokea waliokatishwa masomo na kuwa na mahali pa kulelea watoto. Kabla hamjabuni la kwenu, ongeeni na Chilala au Masasi.

Karakana ya sekondari sipingani nayo moja kwa moja. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umeleta mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi na kazi, na shule zitahitaji karakana. Lakini jengo ni sehemu rahisi. Ulizeni kwanza kama umeme wa fezi tatu umefika shuleni, maana mashine nyingi za karakana hazisogei bila huo, na kama kuna mwalimu aliyewahi kufanya kazi ya ufundi nje ya darasa. Pasipo hayo mawili mtakuwa mmejenga ghala la mashine zilizo bado kwenye nailoni zake. Fundi wa mtaani aliyerasimishwa, akilipwa kwa saa kufundisha vitendo, anaweza kuziba pengo la mwalimu. Kizuizi ni taratibu za ajira, na hilo ni la kulipeleka kwa mkurugenzi.

Kwenye baraza atasimama mtu na hoja ya gesi. Gesi ya Mnazi Bay, kule Mtwara, iligunduliwa mwaka 1982, bomba la kwenda Dar es Salaam likakamilika mwaka 2015, na mradi mkubwa wa gesi ya kimiminika pale Likong'o, Lindi, umezungumzwa zaidi ya miaka kumi. Wazee wa Nachingwea wanalikumbuka jambo la namna hii. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wa mashamba makubwa ya karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Bandari ya Mtwara na reli ya kuja huko vilijengwa kwa ajili yake. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na reli ikang'olewa miaka ya 1960. Sisemi Likong'o itakuwa hivyo. Nasema msifundishe vijana 200 kazi ya mradi ambao mkataba wake haujasainiwa.

Isitoshe, kazi ya bomba la gesi si ya kurukia. Mtihani wake mgumu wanauita 6G: bomba limefungwa kwa mlalo wa nyuzi 45, haliruhusiwi kuzungushwa, mchomeleaji ndiye anayezunguka, juu, pembeni, chini ya kichwa chake, na kiungo kinapigwa eksirei. Kiputo kidogo ndani kinamwangusha. Kijana aliyezoea kuchomelea mageti hafiki hapo kwa kozi ya wiki mbili. Anafika kwa ngazi: achomelee chuma cha kawaida kila siku, ajue kusoma mchoro na vipimo, azoee kuvaa kinga bila kusukumwa, kisha mkataba ukisainiwa aongezewe miezi ya bomba. Ngazi za chini zinaliwa hata gesi isipokuja: matrela ya trekta, madawati, mapaa ya maghala. Hali ni hiyo hiyo kwa kiwanda cha saruji cha Dangote kule Mtwara. Kina uwezo wa tani milioni 3 kwa mwaka, lakini mitambo ya kisasa haihitaji watu wengi ndani. Riziki pana iko kwenye malori yanayoingia na kutoka, matairi yake, breki zake, betri zake.

Jambo la mwisho ni daftari, nami nalitilia mkazo kwa sababu halina gharama ya kujitetea nayo. Mtendaji wa kata awe na orodha ya kila mhitimu: jina, fani, mwaka, simu. Apigiwe baada ya miezi sita na baada ya mwaka. Unafanya kazi ya fani yako? Unapata kiasi gani kwa wiki? Ni kitu gani kimoja kinakukwamisha? Mkifika baraza la bajeti na majibu ya vijana sitini wa kata moja, wanaodai kozi ya pampu, leseni na mabegi ya vifaa, mtu wa kuomba chuo kipya atakuwa na kazi ya kuwajibu.

Angalia na kalenda. Mabaraza hupitisha bajeti mwanzoni mwa mwaka na fedha huanza kutumika Julai, kwa hiyo kozi ya pampu mtakayoiingiza kwenye bajeti ijayo itafanyika Machi ya mwaka unaofuata. Kwa msimu ulio karibu msiingoje. Chukueni vijana wanane waliosoma magari, waandikieni VETA Lindi kuomba kozi fupi, viombeni vyama vya msingi pampu mbovu zilizolala stoo, na andaeni maombi ya mkopo wa mabegi manane yawe tayari dirisha litakapofunguliwa.